Kamera Aliyopewa Wifi Yangu

Niliitamani kamera ile miaka miwili kabla wifi yangu hajajua kwamba iko duniani. Nalisema hili mapema, nisije nikajifanya mwema huko mbele.

Ilikuwa juu ya rafu nyumbani kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kings Heath, mzee wa Kisikh aliyezaliwa Nakuru na kuendesha studio huko hadi alipohamia Birmingham. Majirani zake walimjua kama mstaafu mpole anayenunua bamia kila Jumamosi. Sisi tuliotoka Kenya tulimwita Fundi tu, na tulimpelekea kila kitu chenye lenzi. Chumba chake cha nyuma kilijaa kamera zilizokufa, nyingi zikiwa za kampuni moja ya Kijapani iliyotengeneza kamera za filamu pana, zile ambazo kila picha kwenye filamu ni kubwa kama kiganja cha mtoto mchanga. Kamera zenyewe ni nzito kama tofali. Mbele zina ngozi iliyokunjwakunjwa kama ya kodiani, na nyuma zina mgongo unaozunguka: ukitaka picha ya wima huigeuzi kamera, unageuza mgongo wake. Huitazamii jichoni. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa, unaangalia kioo kilichoko juu, na mtu wako yumo humo, kulia kwake kukiwa kushoto.

Fundi aliizungumzia kampuni ile kama mtu anayeuzungumzia ukoo wa wakwe zake. Kamera nyingine, alisema, zilitengenezewa watalii na watu wa magazeti. Hizi zilitengenezewa mtu wa studio, anayesimama mahali pamoja kutwa nzima akingoja watu wamletee nyuso zao. Zamani akiwa Nakuru alipoteza skrubu moja ndogo, akaandika barua Japani kwa Kiingereza chake cha shule. Wakamjibu kwa bahasha yenye skrubu tatu na mchoro wa kalamu unaoonyesha zinapokaa. Mchoro huo alikuwa nao bado. Sasa kampuni ilikuwa imekwisha kujitoa katika biashara ile na vipuri havitengenezwi tena, kwa hiyo alikusanya kamera mbovu kuzitoa viungo. Moja tu ilikuwa nzima. Ndiyo ile ya juu ya rafu.

Mimi ni Msomali niliyelelewa Eastleigh, Nairobi, nikaishi Uholanzi miaka saba kabla ya kufika Uingereza. Siku za kazi nilikagua vipande vya chuma katika kiwanda kimoja cha Tyseley. Wikendi nilipiga picha za harusi, upande wa wanawake. Kwenye kumbi zile mwanamume haingii, na wanawake wanavua mabuibui na kuonyesha nywele, dhahabu na mabega yao. Kwa hiyo picha zangu hazikuruhusiwa kutoka. Zilichapishwa, zikatiwa kwenye albamu, albamu ikafungiwa kabatini. Nilikuwa mpiga picha mzuri, na waliolijua hilo walikuwa wanawake wasiozidi mia chache, kila mmoja akiwa ameona harusi yake tu.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni mtu wa Tanga. Mama hakuipenda ndoa ile mwanzoni. Alitaka binti wa Kisomali ambaye ukoo wake anaujua mpaka babu wa saba. Lakini wifi alikuwa na Kiswahili kinachoteleza kama samli, na kwa kuwa hakujua Kisomali, yeye na mama walizungumza Kiswahili tu. Polepole mama akaanza kupenda kuzungumza Kiswahili. Mimi nilizungumza naye Kisomali kama nilivyozoea, kuhusu dawa, miadi ya hospitali na nguo za kufuliwa. Na wifi akicheka, mama naye anacheka. Baada ya miaka mitatu nilimsikia akimwita "binti yangu". Nilikuwa naosha vyombo. Niliendelea kuosha.

Ni mimi niliyemfundisha wifi kupiga picha. Alikuwa nyumbani na mtoto wa pili, akaniambia anachoka akili, nikampa kamera yangu ya zamani ya kidijitali na kumwonyesha mambo matatu manne. Lenzi yake ilipokwama, ni mimi niliyempeleka Kings Heath. Hilo nalo ni langu.

Fundi alipokuwa akiifungua lenzi, wifi aliiona kamera ya juu ya rafu, akauliza kama anaweza kuishika. Fundi akamteremshia. Wifi akainamisha kichwa juu ya kioo. Alimwomba mzee akae kwenye kiti cha dirishani, akasogea nusu hatua, akarudi, akasogea tena.

"Mbona nikienda kulia yeye anaenda kushoto?" aliuliza, akacheka peke yake. Kisha akarudi kwenye kioo. Sijui ilipita muda gani. Mimi nilikwisha kuvisoma vikaratasi vyote vilivyobandikwa ukutani.

Alipoinua kichwa, Fundi alimwambia, "Kaa nayo. Macho yangu imekwisha. Wewe tumia."

Nilicheka kidogo, nikamwambia Fundi kwamba mimi nimeiulizia kamera ile mara ngapi. Alikubali kwamba kweli nimeiulizia. Siku ya kwanza kabisa, alisema, niliuliza inaweza kupiga picha ngapi kwa dakika moja.

"Wewe mama uko na haraka," alisema bila ubaya. "Harusi inataka haraka, si kosa. Hii haitaki."

Kwenye basi wifi aliipakata kama mtoto. Aliniambia tutakuwa tunaitumia wote wawili. Nikamjibu kwamba siihitaji, ni nzito mno kwa kazi yangu, na mgongo wangu unauma. Mgongo wangu haukuwa ukiuma.

Mwaka uliofuata ulikuwa wake. Alipiga picha wanawake waliokulia Afrika Mashariki ambao sasa walikuwa wamezeekea Birmingham: fundi cherehani wa Kihindi aliyetoka Kampala, muuguzi wa Kikongo aliyechanganya Kiswahili na Kifaransa hata alipokuwa akijisemea mwenyewe, mpishi wa shule kutoka Kisumu. Alikwenda kwao mchana watoto wake wakiwa shuleni, akanywa chai, na kamera ikabaki begini mpaka ziara ya pili au ya tatu. Mwanamke mmoja mwenye ukumbi wa maonyesho Digbeth, ndani ya ghala lililokuwa la chuma zamani, aliziona picha hizo kwenye simu ya mtu, akamwandikia. Alitaka picha kumi na mbili za kutundika ukutani, zichapishwe kubwa, chini yake jina la wifi yangu.

Nilimpongeza. Nilimpelekea hata halwa. Nikirudi nyumbani nilizifungua picha zangu za harusi kwenye kompyuta, moja moja, na kujiambia kwamba hii ni bora kuliko yake, na hii pia, na hii, na hakuna atakayeiona.

Kisha mama akaamua kurudi Nairobi moja kwa moja, kwa dada yake. Magoti yake yalikuwa yameshindwa na baridi, na alisema hataki kuzikwa chini ya mvua. Tukaanza kumfungia mizigo. Katika wiki hiyo kaka yangu aliniambia, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko langu na kikombe mkononi, kwamba mama amekubali kupigwa picha na mke wake kwa ajili ya maonyesho.

Lazima nieleze uzito wa jambo hilo. Mama hakuwahi kunikubalia mimi. Kila nilipoinua kamera alivuta shungi usoni au aligeukia ukuta. "Niache, mimi si bibi harusi," ndivyo alivyosema miaka yote. Katika simu yangu nilikuwa na picha zake labda mia, na zote ni za kiganja, kisogo, au shungi lenye pua.

"Amekubali mwenyewe?" niliuliza.

"Amekubali. Anachagua na nguo."

Siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya picha hiyo, Fundi alinipigia simu nikiwa kwenye mapumziko nje ya kiwanda, malori ya taka yakipita. Wifi alikuwa amebadilisha namba na Fundi hakuwa na ile mpya. Aliniambia kwamba amefungua mgongo wa kamera nyingine ya aina ileile, akakuta sponji nyembamba zinazozuia mwanga zimeoza na kuwa kama lami. Za kamera ya wifi zilikuwa na umri uleule. Nimwambie asiitumie kabla ya kumpelekea. Kuzibadilisha ni kazi ya mchana mmoja, vinginevyo mwanga utaingia na kuchoma filamu.

Nikasema nitamwambia, na nilikusudia. Nilishuka basi na kwenda moja kwa moja nyumbani kwa kaka. Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni mama alikuwa amesimama mbele ya kioo, mashungi matano yametandazwa kwenye kochi, na wifi alikuwa amepiga magoti akimwekea sawa pindo la gauni. Mama alikuwa akimwambia kitu kuhusu ujana wake, kuhusu kitambaa cha rangi ya zabibu alichokuwa nacho Isiolo kabla hajaolewa. Sikuwahi kuzisikia habari zake. Alikuwa akicheka hadi anajishika ubavu.

Nilikaa, nikanywa chai. Wifi aliniuliza kama kuna jambo. Nikasema nimechoka tu.

Sikusahau. Ningependa kuandika kwamba nilisahau.

Jumamosi asubuhi jua lilitoka, jambo la nadra. Wifi alimkalisha mama karibu na dirisha na kunipa shuka jeupe nilishike kando, lirudishe mwanga upande wenye kivuli. Kwa hiyo nilikuwapo. Niliona jua likipiga mgongo wa kamera, hasa pale kwenye ukingo. Wifi aliinama juu ya kioo chake, akangoja. Mama naye akangoja. Hakuvuta shungi. Filamu ile hutoa picha kumi tu, na dakika tisa kati ya kumi hakuna kilichofanyika ila watu wawili kutulia. Picha nane zilichukua karibu saa nzima. Kisha wingu likaziba jua, mama akasema magoti yanamwuma, na wifi akapiga mbili za mwisho harakaharaka. Nililishusha shuka kabla sijaambiwa. Wifi alidhani ni shuka limenichosha, akaniomba radhi.

Jumapili tulimpeleka mama uwanja wa ndege.

Filamu ilirudi kutoka kusafishwa baada ya siku kumi na kitu. Wifi aliileta jikoni kwangu kabla hata ya kumwonyesha mume wake, akaiinua dirishani. Kwenye picha nane kulikuwa na mstari mpana wa ukungu, umeanzia ukingoni na kukata katikati ya uso wa mama. Mbili za mwisho zilikuwa safi, lakini wakati huo hakuzitazama sana. Alilia. Alisema ameweka filamu vibaya, amemharibia mama, na mama ameshaondoka. Nilimpikia chai. Nilimwambia hayo hutokea, hata mimi yamenipata. Nikikumbuka mambo yote ya mwaka ule, naona aibu zaidi kwa kikombe kile cha chai kuliko kwa ule ukimya.

Aliniomba nimsindikize kwa Fundi. Sikupata sababu ya kukataa.

Fundi aliitazama filamu, akaufungua mgongo wa kamera, akapitisha kidole. Kikatoka cheusi, kinanata.

"Si nilisema ulete kwanza?" alimwambia wifi. "Nilimpigia wifi yako akuambie."

Wifi alinigeukia. Uso wake haukuwa na shaka bado. Alikuwa akingoja nieleze.

"Aliniambia," nikasema. "Siku ya Alhamisi. Sikukwambia."

"Ulisahau?"

Fundi alivua miwani na kuanza kuifuta. Nilikuwa nimepewa mlango wa kutokea, na wote watatu tuliuona.

"Hapana," nikasema.

Wifi aliikunja filamu polepole, akaitia kwenye bahasha yake, akafunga zipu ya begi. Kamera aliiacha mezani. Alipofika mlangoni alisema, bila kupandisha sauti, "Ungesema tu kwamba unaitaka. Ningekuachia siku ileile kwenye basi." Akatoka. Nilisikia geti likijifunga.

Nilitaka kuondoka pia, lakini Fundi alinisukumia kiti. Akaweka mbele yangu kijiti cha mianzi, pamba na chupa ya spiriti, akaniambia nikwangue sponji zote mimi mwenyewe. Nilikwangua mpaka kucha zikawa nyeusi. Alinionyesha jinsi ya kukata vipande vipya na kuvibandika bila kuvivuta. Katikati ya kazi aliniambia, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, kwamba huko Nakuru studio ya ng'ambo ya barabara ndiyo iliyopata kwanza kamera ya Wajapani wale. Mwenye studio alikuwa binamu yake. Hakumsalimia mwaka mzima, hata gurudwarani walikosali pamoja.

Nilimuuliza yaliishaje.

"Nilinunua yangu," alisema. "Wivu ikabaki."

Kaka alinipigia jioni, akasema sentensi mbili na kukata. Kwa wiki tatu sikualikwa kwao. Mwishowe nilimpigia mama Nairobi na kumweleza yote, kwa Kisomali, nikiwa nimekaa ukingoni mwa bafu ili jirani asinisikie. Nilitaraji anikaripie. Hakunikaripia. Halafu, sijui kwa nini, nilimuuliza nililokuwa nimelibeba tangu siku ile jikoni: mbona wifi alimkubalia, na mimi hapana.

"Yeye aliniomba," mama alisema. "Alikaa chini akaniuliza kama nataka, akaniuliza nataka nionekane vipi. Wewe hujaniomba hata siku moja. Unainua hiyo kitu na kunirushia usoni, kama polisi."

Kisha akaniambia niende nikaombe msamaha kabla ya Ijumaa, na nisiende mikono mitupu.

Nilikwenda Jumatano. Watoto waliitikia salamu yangu kwa Kiingereza bila kuondoa macho kwenye televisheni. Wifi alinisikiliza akiwa amesimama, bakuli la unga mkononi. Sikujitetea. Nilimwambia nilimwonea kijicho kwa kamera, kwa maonyesho, kwa mama, na kwa kile kitambaa cha rangi ya zabibu. Hapo alishangaa, hakujua kwamba sikuwa nakijua. Alisema amenisamehe, kwa sababu ya Mungu na kwa sababu ya kaka yangu.

"Lakini usinishikie shuka tena," alisema.

Nikasema sawa. Haikuwa mzaha, na hajaniomba tangu siku hiyo. Kamera nilimrudishia ikiwa imetengenezwa, na akaipokea.

Maonyesho yalifunguliwa Digbeth majira ya vuli. Kwenye ukuta wa mwisho, peke yake, ilitundikwa picha moja ya mama, ya kumi. Ilikuwa ndefu kuliko mkono wangu. Kila uzi wa shungi ulionekana, na kovu dogo la kidevuni ambalo nilikuwa nimelisahau. Alikuwa ametazama mbele, kwa yule aliyeinama mbele yake, kwa utulivu ambao katika miaka arobaini sikuwahi kupewa hata mara moja. Nilisimama pale. Nilitafuta kosa. Nilichunguza pembe zote nne za picha kama ninavyochunguza chuma cha Tyseley, na sikupata la kukataa.

Mwanamke mmoja wa Kiingereza alikuja kusimama kando yangu, akanitazama, akaitazama picha, akaniuliza kama yule ni mama yangu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ni mimi niliyeipiga. Nilichukua muda kabla ya kujibu, na ninaona haya kusema ni muda gani.

"Hapana," nikasema. "Ni wifi yangu. Yule pale mwenye mtandio wa kijani."

Mwaka uliofuata nilikwenda Nairobi likizo na kamera yangu ndogo ya kazini. Siku ya kwanza nilimwomba mama ruhusa ya kumpiga picha. Akasema leo hapana. Nikaiweka begini. Siku ya pili na ya tatu nilimwomba tena, akasema hapana vilevile, na tukakaa barazani kwa dada yake tukichambua kunde. Nilijaribu kuzungumza naye Kiswahili. Akanitazama, akacheka, akaniuliza nimepatwa na nini. Siku ya sita, baada ya kifungua kinywa, alijifunga shungi safi, akajisogeza kwenye kiti na kusema, "Haya, ilete."

Nilipiga moja. Halafu nilingoja, nikapiga nyingine.

Si nzuri kama ya wifi. Nimezilinganisha mara nyingi, ile yake kwenye kadi ya maonyesho na hii yangu kwenye simu, na sijidanganyi. Nilimtumia wifi siku ileile. Akajibu kwamba mama amependeza, na kwamba mwanga umekuwa mkali kidogo upande wa kushoto. Roho iliniuma, na alikuwa amesema kweli.